Mchanga wa Plasta

Jumuiya ilipokuja kwangu Ijumaa
rozari ilisaliwa mbiombio.
Mama Sechelela alifika tendo la tatu la uchungu
na pindo la kanga puani, akanitazama
kwa macho yanayouliza bila kuuliza:
Perpetua, nani amekojoa hapa?

Paka, nikasema. Si wangu.
Ni wa jirani aliyehamishiwa huku na wizara,
akahamishwa tena, akabeba friji, akabeba makochi,
hata kamba ya kuanikia nguo akaifungua,
paka wawili akatuachia Nkuhungu nzima.
Shume mmoja, sikio limenyofoka,
na jike la kijivu, rangi ya vumbi letu la Agosti.

Nilianza na majivu. Nikayamwaga mlangoni
kama bibi kule Hombolo alivyozuia siafu.
Asubuhi nikakuta nyayo
zimekatiza katikati, bila haraka,
kama za mtu anayekwenda kudai.

Maganda ya ndimu. Kitunguu swaumu. Pilipili kichaa
(hiyo ilinipata mimi, nilipojisahau nikajifikicha jicho).
Ndahani wa dukani akaniuzia jiki, chupa mbili:
nyumba ikanuka hospitali na paka kwa pamoja.
Mwingine akasema, jaza chupa maji, zipange ukutani,
paka ataogopa sura yake.
Shume alizinusa mojamoja,
ile ya mwisho akainyanyulia mkia.

Chiloleti alishauri sumu ya panya
ndani ya kichwa cha samaki. "Utalala, dada."
Nikamwambia nina magunia mawili ya uwele stoo
na panya wa huku hawasikii rozari.

Usiku mmoja, umeme umekatika,
nikamfuata yule jike kwa tochi ya simu.
Sebuleni hakukaa. Alipanda kabati, akapenya
tundu la siling bodi, akatembea darini,
namsikia juu ya kichwa changu, tu, tu, tu,
akashukia chumba cha nyuma
ambacho mimi mwenyewe siingii.

Mchanga. Lori zima la mchanga wa mtoni,
tuliouingiza ndani watu wasije wakauchota
mwaka ule Lameck bado ana miguu ya kusimama jukwaani.
"Krismasi tunapiga plasta," alisema.
Krismasi ilimkuta wodini.
Pasaka haikumkuta.

Jike akachimba kishimo. Akageuka. Akajisaidia.
Akafukia kwa mkono mmoja, akanusa,
akaongeza mchanga kidogo,
kama mtu aliyefundwa kwao.
Nikazima tochi.
Miaka mitatu nimewafugia choo ndani ya nyumba,
nikakitia komeo, kisha nikawalaani kwa kukitumia.

Gunia moja la uwele likaenda sokoni.
Fundi Mbijima akaja na chekecheke,
akachota koleo la kwanza, akacheka:
"Mama, huu wa juu ni mbolea."
Wa juu tukautupa nje, nyuma ya minyaa,
na wao wakaufuata hukohuko, siku ya pili tu,
hawakuhitaji kuonyeshwa.
Zulia nililifua kwa siki, nikalianika
mpaka jua la Dodoma likaikausha hata rangi yake.
Tundu likazibwa. Kuta zikapigwa plasta.
Dirisha tu ndilo lilikuwa bado.

Kwa hiyo sakafu ikiwa mbichi, asubuhi:
nyayo, toka dirishani hadi katikati,
na pale katikati amesimama, amefikiri,
amerudi alikotoka.
Mbijima akashika mwiko. "Nifute?"
Nilikawia kujibu.
Futa, nikasema.

Jumuiya inarudi Ijumaa ijayo.
Ubani nimenunua, sitauchoma.
Nataka Mama Sechelela ashushe ile kanga,
avute pumzi mpaka mwisho,
asikie saruji.